Bega Lililogoma Kupiga Kura

Kuna watu waliozaliwa na sauti nzuri, kuna waliozaliwa na bahati ya mifugo, na kuna Cleopa Chidosa, aliyezaliwa na mkono usiomsubiri mwenyewe. Mkono wake wa kulia ulikuwa unapanda juu kabla kichwa hakijajua umeitwa kwa lipi. Shuleni misheni, kule Mamboya, mwalimu aliuliza, “Nani aliyevunja kioo cha dirisha?” na mkono wa Cleopa ukawa wa kwanza hewani. Alichapwa viboko sita. Baba yake alipomuuliza kwa nini amekiri kosa lisilo lake, alijibu kwamba yeye alisikia “nani” tu, hayo mengine yalikuja baadaye.

Ukubwani hakupona. Alipokuwa kibarua wa barabara kule Mikumi, msimamizi aliuliza asubuhi moja nani atakwenda kutazama kama yule tembo aliyesimama njiani ameshaondoka. Mkono juu! Tembo hakuwa ameondoka. Cleopa alirudi kambini kwa kasi ambayo viatu vyake havikuiweza; vyenyewe vilifika kesho yake, vimeletwa na dereva wa lori. Siku ya Uhuru, pale Kilosa mjini, alishinda ameinua mkono tangu bendera ilipopanda hadi wapiga ngoma walipokwenda kula, na mama mmoja aliyesimama nyuma yake akamwomba kwa heshima zote aushushe kidogo na yeye aone gwaride.

Hata mke alimpata kwa mkono huo. Jumapili moja kanisani, mchungaji aliuliza nani atamsaidia binti mmoja kufikisha mzigo wake Berega. Mkono ulipanda. Mzigo ulikuwa magunia mawili ya mahindi, na binti ndiye Lea. Walipofika Berega, Cleopa alikuwa hawezi kunyoosha mgongo, lakini uchumba ulikuwa umeshaiva. Ukipiga hesabu ya maisha yake, mkono ule ulimtia hasarani mara tisa na kumpa faida mara moja, na faida hiyo ilimtosha.

Mwaka wa sabini na nne, serikali ilipohimiza watu wote wakakae pamoja vijijini, watu wa milimani walishushwa na watu wa bondeni wakapandishwa, wakakutana katikati ya mteremko, kila upande ukiamini ndio ulioonewa. Kijiji kikaitwa Twendembele. Waliotoka milimani, Cleopa na Lea wakiwamo, walijenga sehemu ya juu na waliotoka bondeni wakajenga sehemu ya chini, na tangu siku hiyo watu wakawa wa Juu na wa Chini. Walisaidiana misibani na walialikana harusini, lakini Jumamosi, siku ya mkutano mbele ya ghala la kijiji, walibishana mpaka jua likachoka.

Mikutano hiyo ilikuwa na ugonjwa wake, nao ni ugonjwa wa nusu-mkono. Mtu anainua mkono mpaka sikioni tu, ili upepo ukigeuka aseme alikuwa anajikuna. Kulikuwa na mzee mmoja wa Chini aliyehesabiwa pande zote mbili za shauri moja, kumbe mzee wa watu ana upele. Jambo hilo lilimkera Cleopa kuliko wote, kwa sababu yeye mkono wake ulisimama kama mlingoti na hakuona kwa nini wengine wafanye mzaha. Ndipo aliposimama siku moja, kifua mbele, akatoa hoja.

“Ndugu Mwenyekiti, mkono uwe wa kulia, maana wa kushoto kazi yake tunaijua. Kiwiko kinyooke. Vidole vivuke utosi. Asiyefika hapo asihesabiwe!”

Mwenyekiti alikuwa Filipo, kijana wa Juu aliyetoka kwenye semina ya viongozi Kilosa na kurudi na daftari jipya na uso mkavu. Alilipenda neno “asihesabiwe” hata akalirudia mara mbili. Hoja ilipita, katibu akaiandika, na watu wakaiita kanuni ya Cleopa. Naye alitembea kijijini wiki nzima akipokea pongezi. Mchimba kisima huingia mwenyewe, ila kwa kawaida kisima humpa muda. Hiki kilimpa miezi mitatu.

Sasa, mtu akiugua bega, watu hutaka kujua limeumizwa na nini, na Cleopa aliwajibu vizuri. Wengine aliwaambia ni yule tembo wa Mikumi, jeraha la zamani limeamka. Wengine aliwaambia ni gogo la kujengea zahanati. Ukweli tunaujua Lea na mimi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, akageuza mkono nyuma kuchukua kofia yake iliyoning'inia kwenye msumari, bega likalia ‘kah’, na kofia ikabaki palepale. Hakuna tembo, hakuna gogo. Ni kofia, tena kuukuu.

Mwanzoni yalikuwa maumivu. Baada ya wiki chache maumivu yalipungua, lakini bega likaganda. Mkono uliweza kunyooka mbele usawa wa kifua, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia, na hapo ndipo ulipokuwa mwisho wa reli. Kuvaa shati ilimbidi aanze na mkono mbovu na kumalizia kwa kumwita mkewe. Kujikuna mgongo alijikuna kwenye nguzo ya mlango. Wakorofi wa kijijini walisema mikono ya mtu ina idadi yake ya kupanda, na Cleopa ameshaimaliza ya kwake.

Jumamosi ya kwanza baada ya hapo, kijiji kilipiga kura ya kulipongeza shirika la akina mama kwa shamba zuri la alizeti. Cleopa aliinua mkono, mkono ukafika kifuani, ukasimama. Filipo alihesabu huku akielekeza kalamu, akafika kwake, akamruka.

“Ndugu Mwenyekiti, umeniruka.”

“Vidole havijavuka utosi, Mzee Cleopa. Kanuni ni yako.”

Cleopa hakukata tamaa. Aliinamisha kichwa, akazidi kukiinamisha, mpaka kidevu kikagusa tumbo na vidole vikawa juu ya utosi kwa inchi nzima.

“Kanuni inasema mkono upande,” Filipo alisema. “Haisemi kichwa kishuke.”

Alijaribu mkono wa kushoto, na hapo Juu na Chini wakaungana kwa mara ya kwanza tangu kijiji kizaliwe. Wazee wote waliguna. Mkono wa chooni ndio uamue mambo ya kijiji? Jirani yake mmoja mwenye huruma akajitolea kumshikia mkono wa kulia na kumsaidia kuupandisha. Ukelele alioutoa Cleopa uliwafanya kuku wa ghalani waruke juu ya paa, na ajenda mbili zikaahirishwa.

Basi daftari la kijiji likawa linaandika kila Jumamosi: waliohudhuria themanini na watatu, waliohesabiwa themanini na wawili. Miaka miwili mizima! Bwana mmoja aliyekuja kutoka wilayani aliyapitia maandishi yale, akataka kumwona huyo mmoja anayesusia kila kitu, hata azimio la kutoa pole kwa waliounguliwa na nyumba. Alipoletewa Cleopa, mtu mpole mwenye kofia, alishangaa sana. Filipo alimshauri Cleopa asiwe anakuja siku za kura, apumzike. Cleopa aliumia kuliko alivyoumia siku ya bega. Alikuja kila Jumamosi, akaketi mbele, akainua ule mkono wake wa kuonyesha njia, akarukwa.

Usidhani hakutafuta tiba. Alianzia kwa Bi Joha wa Chini, mkandaji aliyesifika hadi Kimamba, mwanamke mnene mwenye viganja vya moto. Bi Joha alimpaka mafuta ya nyonyo, akamlaza kifudifudi kwenye mkeka, akamkalia.

“Mshipa umejificha,” alisema akiwa juu yake. “Nyamaza, Mzee, unautisha.”

Baada ya siku tatu bega lilikuwa vilevile, ila shingo nayo ikagoma, na kwa wiki mbili Cleopa akiamkiwa shikamoo na mtu wa pembeni ilimbidi ageuke mwili mzima ndipo aitikie marahaba. Bi Joha hakumtoza kitu. Alikiri kwa uungwana kwamba huo haukuwa mshipa wa kawaida, na akamwambia aende kwa wazungu.

Wazungu hawakuwapo siku hiyo kwenye hospitali ya misheni Berega. Alikuwapo nesi Selestina, binti mdogo kuliko mwanawe, aliyemwamkia vizuri na kumgeuzageuza mkono taratibu.

“Si mshipa, baba. Kiungo cha bega kina kifuko chake kinachokizunguka, na kano zimepita hapo kama kamba. Kifuko kimekakamaa, kimejibana. Tunasema bega limeganda.”

“Litayeyuka lini?”

“Mwaka, pengine miwili, pengine na nusu. Litalegea lenyewe, lakini ulisaidie. Mtu asikuvute wala asikukalie.”

“Ameshanikalia,” Cleopa alisema.

Selestina alimpa kazi mbili za kufanya kila siku. Ya kwanza, asimame mbele ya ukuta, avipandishe vidole taratibu kama buibui mpaka bega litakapokataa, aweke alama, kesho ajaribu kuipita. Ya pili, akiwa kitandani, alale chali, aunyooshe mkono kuelekea darini, aushikilie hapo ahesabu kumi.

Alizifanya kwa bidii ya mtoto wa shule. Ukuta wa nyumba ukajaa alama za mkaa, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, na wapita njia wakasema mzee anapima nyumba aiuze. Alama zilipanda kwa upana wa punje ya mahindi kwa wiki, na wiki nyingine zilishuka. Lea alikuwa akitoka jikoni na mwiko, anasimama kumtazama mumewe akitambaa ukutani kwa vidole.

“Baba Yeremia, hapo juu kuna nini? Nzi?”

“Niache, mama Yeremia. Mimi ni mgonjwa.”

“Mgonjwa gani anakula ugali wa watu wawili? Bega tu limelala, tumbo liko macho.”

Hivyo ndivyo Lea alivyokuwa. Alikuwa na ulimi mkali na kicheko kikubwa, na alikuwa kiongozi wa kikosi cha wanawake katika shamba la kijiji, jembe lake likiwa mbele ya yote. Kwa bega la mumewe alipata mzaha wa asubuhi na wa jioni, na Cleopa aliupokea, kwa sababu ukweli ni kwamba bila mzaha ule angelia.

Lakini siri ya mtungi aijuaye kata. Asubuhi moja Cleopa aliamka mapema kumtafuta kuku aliyetorokea bondeni, akamwona Lea akishuka kuteka maji. Kisima kilikuwa chini kabisa, kupita Juu yote na Chini yote, mwendo wa nusu saa kushuka na saa nzima kupanda. Alimwona anafika penye mteremko mkali. Lea aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akageuka, akaanza kushuka kinyumenyume, ameshika majani, mguu mmoja ukitangulia na mwingine ukiburutwa. Kupanda, na ndoo kichwani, alisimama mara nne. Kila alipoanza tena kutembea aliimba kwa nguvu, na Cleopa, ambaye siku zote alidhani mkewe anaimba kwa furaha, alisikia sasa kwamba ule wimbo ulikuwa unafunika kilio.

Nyumbani alimtaka afunue goti. Lilikuwa limevimba, laini, kubwa kama kitunguu cha Dumila.

“Tangu lini?”

“Tangu masika ya mwaka juzi,” Lea alisema. “Limejaa maji. Nimeyateka mpaka yamenihamia gotini.” Akacheka, kisha akaona mumewe hacheki. “Usimwambie mtu. Baba Yeremia, nakwambia, usimwambie mtu! Wakijua watanitoa kikosini, watanipeleka nikapukuchue maharage na vikongwe. Mimi, na vikongwe?”

“Lakini mama Yeremia—”

“Lete Biblia.”

Aliapa. Mkono wa kulia haukupanda, ikabidi Biblia ishushwe usawa wa kifua. Tangu siku hiyo alijaribu kuteka maji yeye mwenyewe. Ndoo haipandi kichwani bila mikono yote miwili, basi alibeba kwa mkono wa kushoto, akafika nyumbani na maji ya kunawa mtu mmoja na suruali iliyolowa yote. Majirani walianza kuuliza, na Lea akamnyang'anya ndoo. Cleopa aliendelea kuwasikia wakimsifu mkewe kwa kuimba vizuri asubuhi, akafunga mdomo, na kila wimbo ulimchoma moyoni.

Mwaka huohuo, wa sabini na sita, mafundi wa maji walikuja. Walikuwa wametega chemchemi mlimani, na bomba lingeteremka mpaka Twendembele, lakini koki ilikuwa moja tu. Iwekwe wapi? Wakubaliane wenyewe, Jumamosi, mafundi wakirudi Jumatatu wakute jibu.

Ubishi ulianza Jumatano. Wa Chini walisema maji hayapandi mlima, yaachwe yateremke yafike kwao. Wa Juu waliuliza bomba gani hilo lisilo na adabu, lipite mlangoni kwa watu bila hata kubisha hodi. Kwa Lea tofauti ilikuwa hii: koki ikiwa Juu, ni hatua sitini mahali tambarare. Ikiwa Chini, mteremko wake mkali ungebaki uleule, kila asubuhi, kinyumenyume. Cleopa alipiga hesabu ya watu waliokuwa Juu na Chini, akaipiga tena, akapoteza hamu ya kula. Lea akajua hapo kwamba mambo ni mazito.

Jumamosi walihudhuria themanini na watatu, kama kawaida. Filipo alisimama na daftari, jasho likimtoka. Yeye mwenyewe alikuwa wa Juu, mkewe alikuwa anamtazama, na wa Chini wote walikuwa wanasubiri aonyeshe upendeleo kidogo tu wapate la kusema.

“Wanaotaka koki iwe Chini, mikono juu.”

Arobaini na mmoja. Bi Joha alikuwa miongoni mwao, kiganja chake kipana kikionekana kutoka mbali.

“Wanaotaka iwe Juu.”

Filipo alihesabu. Alifika kwa Cleopa, mkono umesimama usawa wa kifua, akamruka. Arobaini na mmoja. Alihesabu tena. Arobaini na mmoja. Mkutano mzima ukageuka polepole kumtazama mtu mmoja mwenye kofia.

“Ndugu Mwenyekiti,” mzee mmoja wa Juu alisema, “kwa leo tu, mkono wa Mzee Cleopa—”

“Kwa leo tu!” wa Chini walipiga kelele. “Miaka miwili hauhesabiwi, leo penye koki ndiyo uhesabiwe?”

“Kanuni ni kanuni,” Filipo alisema. “Tutarudia Jumamosi ijayo.”

“Jumatatu mafundi wako hapa!”

Cleopa aliujaribu mkono. Aliusukuma kwa mkono wa kushoto mpaka macho yakatoa machozi, bega likakataa. Alimtazama Lea upande wa wanawake, amekaa mguu mmoja umenyooshwa mbele kama anayepumzika tu, na akajua kwamba angeweza kufungua mdomo aseme “goti” na koki ingekuwa yake. Lakini ameapa. Hapo akakumbuka kitanda chake, na Selestina, na kuhesabu kumi.

Alivua kofia. Alikung'uta shati lake jeupe la Jumapili, kwa mazoea tu, maana dakika moja baadaye lilikuwa kwenye vumbi. Mbele ya Juu na Chini, mbele ya wakwe na majirani, mzee wa miaka hamsini na nne alilala chali katikati ya uwanja na kuunyoosha mkono wake wa kulia. Ulisimama wima kabisa. Kiwiko kimenyooka, vidole vimeelekea mbinguni, na hakuna mtu ambaye angeweza kusema haujapanda.

Mtu wa Chini alicheka, na kicheko kikazunguka uwanja mzima.

“Mzee Cleopa, inuka,” Filipo alisema.

“Mkono uko juu, Ndugu Mwenyekiti.”

“Kichwa ndicho kimeshuka! Tulishaliongea hili.”

“Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nimelala kabisa. Hesabu.”

“Kura ya kulala haipo kwenye kanuni. Nikiihesabu, wa Chini watasema nimebeba watu wangu, na watasema kweli. Mzee wangu, nakuomba. Unatuaibisha. Kwani una shida gani na hiyo koki?”

Cleopa alifungua mdomo, akaufunga. “Nina kiu,” alisema.

Uwanja ukaangua kicheko tena, na safari hii kilikuwa na ukali. Wengine walimwita mlevi. Lea alivumilia kicheko cha kwanza, maana naye ni mchekeshaji na anajua haki ya mcheshi. Hiki cha pili hakukiweza. Alisimama, akaja kwa mumewe moja kwa moja, na kwa hasira alisahau kuficha chochote. Alichechemea mbele ya watu wote, mguu ukiburuta vumbi. Alipomfikia alipiga goti zima chini amwinue, akamshika kwapa, akavuta. Cleopa hakuinuka. Lea alijaribu kuinuka yeye, naye hakuinuka. Alijaribu tena, kanga ikapanda kidogo, na goti lililovimba likaonekana kwa themanini na mmoja wengine.

Hakuna aliyecheka.

“Ndiyo kiu yake hiyo,” Lea alisema, akiwa amekaa vumbini. Alikuwa analia kwa hasira. “Nilimwapisha. Nimeshuka kinyumenyume kwenda kisimani miaka miwili, na huyu mjinga amekaa na siri yangu mpaka imemlaza chini. Basi, mmeona. Nipelekeni kwenye maharage.”

Bi Joha alikuja kwanza. Alichuchumaa kwa shida zake, akaweka kiganja kwenye goti, akalibonyeza kwa kidole kimoja tu.

“Lina maji ya siku nyingi hili,” alisema. “Mama Yeremia, tunapishana kila asubuhi pale njiani. Nikikusikia unaimba, mimi nami nafurahi. Ulishindwa kuniambia?”

“Ungenikalia,” Lea alisema.

“Ningekukalia kweli.” Bi Joha alisimama, akajipangusa mikono, akamgeukia Filipo. “Mwenyekiti, rudia hesabu. Mimi ni wa Chini na nitabaki wa Chini, lakini miguu yangu inapanda. Nitafuata maji Juu.”

Wa Chini walinung'unika, lakini hakuna aliyemzuia, kwa sababu nusu yao wamekandwa naye na nusu watakandwa. Filipo alirudia hesabu kwa sauti. Chini arobaini. Juu arobaini na wawili. Katibu aliandika, akapiga mstari, akafunga daftari, na watu wa Juu wakaanza kushangilia na kupeana mikono. Koki ilikuwa yao. Lea aliinuliwa na wanawake wawili, mmoja wa kila upande.

“Na mimi?”

Sauti ilitoka chini. Cleopa alikuwa bado amelala chali, mkono umesimama.

“Mzee Cleopa, umeshinda,” Filipo alisema. “Koki inakuja kwako. Shusha mkono, upumzike.”

“Sikuuliza koki. Nimeuliza mkono.”

Waliokuwa wakipeana mikono wakageuka mmoja mmoja. Mkono ulikuwa unatetemeka sasa, kwa kuwa alikuwa amepita hesabu ya kumi zamani sana, na bega lilikuwa linamuuma mpaka kwenye meno. Koki haikuuhitaji tena. Juu hawakuuhitaji, na Chini haukuwapunguzia chochote. Filipo aliwatazama wa Chini, wa Chini wakatazama pembeni. Alimwambia katibu afungue daftari. Kisha alitembea mpaka pale katikati ya uwanja, akasimama upande wa kichwa cha yule mzee, na kuuelekezea mkono kalamu, kama alivyoielekezea mikono mingine yote kwa miaka miwili.

“Arobaini na watatu,” alisema.

Machozi ya mtu aliyelala chali huingia masikioni, na ya Cleopa yalikuwa mengi.

“Umesema ngapi?” aliuliza. “Sisikii.”

“Arobaini na watatu, Mzee wangu,” Filipo alirudia, akiwa amemwinamia. “Nimekuhesabu.”